Mtoto Aliyetoweka Katika Mchezo

Jioni za Tukuyu, mvua inaponyesha na baridi kushuka kutoka Mlima Rungwe, familia nyingi huketi pamoja mbele ya televisheni. Je, mama, umeona jinsi watoto wanavyofurahia kukamata makosa ya mchezo? "Mama, kikombe kilikuwa kimejaa, mbona sasa ni kitupu na hajanywa?"

Hawakosei. Vipande vya mchezo mara nyingi havirekodiwi kwa mfuatano tunaouona. Kwa hiyo huwekwa mtu wa kuandika kila kitu: nguo, saa ya ukutani, hata chai iliyobaki kikombeni. Akipitiwa, mtoto wako atagundua.

Michezo ya kwetu nayo ina mambo ya kuvumbua. Katika Vitimbi ya Kenya, Mzee Ojwang na Mama Kayai waligombana na kupatana kwa miaka mingi, hata watazamaji wengi wakaamini ni mume na mke kweli. Hawakuwa. Na ile lafudhi ya Kijaluo? Benson Wanjau, aliyeigiza Ojwang na kufariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu.

Hayo yanachekesha. Lakini liko kosa moja linalomgusa mzazi. Mchezo wa Kimarekani, Family Matters, ulioanza mwaka 1989, ulihusu polisi wa Chicago, mkewe na watoto wao watatu. Baadaye akaingia kijana wa jirani, Steve Urkel, aliyekusudiwa kuonekana mara moja tu. Kwa vituko vyake akapendwa, akawa kiini cha mchezo. Judy, kitinda mimba, alikuwa na maneno machache. Mwaka 1993 akaonekana mara ya mwisho. Hakufa, hakuhama, wala hakupelekwa shule ya bweni. Mchezo uliendelea hadi mwaka 1998, na wazazi wakaishi kana kwamba walizaa wawili tu.

Tunacheka, tunasema, "Wazazi gani hawa?" Lakini Mariamu na Yusufu nao walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo msafarani. Walipogundua hayumo, walirudi Yerusalemu wakamtafuta hata wakamwona.

Dada mpendwa, nyumbani kwako Judy ni nani? Mara nyingi ni yule mtulivu. Anateka maji, anamenya ndizi, hadai kitu. Mtundu anachapwa, mgonjwa anabembelezwa, mgeni anaandaliwa. Yeye anasifiwa kuwa hana shida, kisha anasahauliwa. Pengine ni mtoto wa marehemu dada yako unayemlea.

Jiulize leo: rafiki yake ni nani? Anaogopa nini? Ni lini alizungumza nawe mkiwa wawili tu? Ukikosa majibu, usijilaumu mno. Kesho mchukue muende shambani pamoja, umsikilize njiani. Judy hakurudishwa mchezoni. Wako bado yumo jikoni, karibu nawe.