Maneno ya Kiingereza Mbele ya Mtahini: Jamaa, Wenzi na Makazi ya Neno

Wauguzi, walimu, mapadre na wanafunzi wengi wa nchi zetu huomba nafasi ya kusoma au ya kufanya kazi ng'ambo, na mlangoni pa nafasi hiyo hukuta mtihani wa Kiingereza. Ujulikanao sana ni ule uitwao IELTS, ambao ulipata jina hilo mwaka 1989. Mwingine ni TOEFL, ulioanza mwaka 1964. Ada yake ni mzigo kwa mtu wa mshahara mdogo, na vyuo vingi havipokei hati iliyopita miaka 2. Kwa hiyo mtu akishindwa hupoteza fedha, na mara nyingi mwaka mzima pia.

Watu hao hutujia sisi walimu wakiuliza: Tujifunze maneno gani? Wengi wamekwisha kujaza daftari: upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili tafsiri yake ya Kiswahili. Katika makala hii twataka kueleza kwa nini daftari la namna hiyo halitoshi, na kuonyesha ya kuwa njia iliyo bora twaijua tayari, kwa maana imo katika lugha yetu wenyewe.

Mitihani hii haikuanza jana. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge kilitoa kwa mara ya kwanza mtihani wa ustadi wa Kiingereza, uliokusudiwa hasa kwa wageni waliotaka kuifundisha lugha hiyo. Ulichukua saa 12 hivi, na ndani yake mlikuwa na tafsiri, insha, matamshi na fasihi. Watahiniwa walikuwa 3, wala hapana hata mmoja aliyefaulu. Tangu siku hizo namna ya kupima imebadilika. Katika sehemu ya kuandika ya IELTS mtahini hutumia mizani 4 zilizo sawa kwa uzito, na mmoja wa hiyo ni utajiri wa maneno. Lakini utajiri huo si wingi mtupu. Mtahini hutazama kama mwandishi ana maneno yasiyo ya kila siku, kama ameyaunda sawasawa, kama ameyaweka pamoja na maneno yapatanayo nayo, na kama yanafaa mahali alipoyatia. Basi twaweza kusema ya kuwa neno lina mambo matatu ya kujulikana: jamaa zake, wenzi wake na makazi yake.

Tuanze na jamaa. Katika Kiswahili neno halizaliwi peke yake. Kutoka kitenzi soma twapata somea, someka, somesha, somo, msomi, msomaji na usomaji. Ndiyo maana kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson huyakusanya maneno mengi chini ya shina lake, kama watoto chini ya baba yao. Kiingereza nacho kina jamaa, ijapokuwa huunda maneno kwa njia nyingine. Mwanafunzi aandikaye "decide" na aandike papo hapo "decision", "decisive" na "indecisive". Ajifunzaye "analyse" asiache "analysis" na "analytical"; la sivyo ataandika kitenzi mahali pa jina, na mtahini ataona mara moja. Tena azisome kwa sauti. Katika Kiswahili mkazo hukaa karibu sikuzote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini katika Kiingereza huhama ndani ya jamaa moja: katika "photograph" uko mwanzoni, katika "photographer" uko silabi ya pili, na katika "photographic" uko ya tatu.

Wachungaji waliosoma Kilatini seminarini wana akiba kubwa hapa. Neno "benediction", yaani baraka, lina shina la kunena. Nalo limo katika "predict", kutabiri, na "contradict", kupinga kwa maneno, na "dictate", kusema mtu mwingine aandike, na "verdict", hukumu. Ajuaye shina moja hufungua milango mingi. Lakini shina ni taa ya kuonyesha njia tu, nalo laweza kudanganya. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani, bali ni chenye thamani isiyopimika. "Infamous" si mtu asiyejulikana, bali ni mtu ajulikanaye kwa ubaya. Kwa hiyo mwanafunzi na akisie kwanza, kisha ahakikishe katika kamusi.

Jambo la pili ni wenzi wa neno. Sisi twapiga hodi, twapiga magoti, twapiga pasi, twapiga kura na twapiga simu, wala katika hayo yote hakuna anayepigwa. Mgeni akisema "kufanya hodi" tutamfahamu, lakini tutajua mara moja ya kuwa ni mgeni. Vivyo hivyo Mwingereza husema "make a decision", lakini "do homework". Husema "commit a crime" na "pay attention". Sisi husema mvua kubwa, naye huiita "heavy rain", yaani nzito. Chai iliyokolea huiita "strong tea", wala hasemi "powerful tea", ijapokuwa maneno hayo mawili yote yaweza kufasiriwa kuwa ni yenye nguvu. Hakuna kanuni ya kueleza kila urafiki wa namna hii. Basi neno lisiandikwe daftarini peke yake, bali liandikwe pamoja na mwenzi wake, kama lilivyokutwa katika kitabu.

Jambo la tatu ni makazi. Twajua ya kuwa ng'ombe hufa, lakini mzee wetu hufariki au huaga dunia. Mtu akisema ng'ombe amefariki, watu watacheka. Kiingereza nacho husema "die" na "pass away", nalo la pili halimfai ng'ombe. Tena Kiswahili kina tabaka zake: mganga ni neno la asili ya Kibantu, tabibu lilitoka Kiarabu, daktari lilitoka Kiingereza, na kila moja lina mahali pake. Kiingereza kina tabaka kama hizo. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakuu walisema Kifaransa na wakulima waliendelea na lugha yao. Kwa hiyo ng'ombe malishoni ni "cow", na nyama yake mezani ni "beef", neno lililotoka Kifaransa. Baadaye wanazuoni waliongeza maneno ya Kilatini. Hivyo twaona "ask", "question" na "interrogate" zikisimama pamoja: la kwanza ni la nyumbani, la pili lina uzito zaidi, na la tatu lafaa kwa askari amhojiye mshtakiwa. Mtahiniwa anayedhani neno refu hushinda neno fupi popote huandika kwamba mama alimhoji mtoto wake kama mshtakiwa, kumbe alimwuliza tu kama amekula.

Yapasa pia kuyaangalia maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuingia kwetu, kwa maana mengine yamebadili maana njiani. Watu wengi huita hoteli mahali pa kula, hata kama hapana chumba cha kulala. Mtu akiandika "hotel" kwa maana hiyo, msomaji wake atafikiri alilala huko.

Baada ya hayo mwanafunzi atauliza: Maneno hayo ni mangapi? Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno 2,000 hivi yatumikayo sana katika Kiingereza. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya jamaa 570 za maneno ya kitaaluma, ambayo hufanya karibu sehemu 1 katika 10 ya maneno yote ya vitabu vya elimu ya juu. Mwenye kujua orodha ya kwanza na aiendee ya pili. Akijifunza jamaa 5 kila siku, siku 6 kwa juma, ataimaliza katika majuma 19. Lakini asidhani amefika. Paul Nation alionyesha mwaka 2006 ya kuwa, ili kusoma vitabu na magazeti bila msaada, mtu huhitaji jamaa 8,000 hadi 9,000, ili katika maneno 50 asikute ila moja asilolijua. Wingi huo haupatikani kwa orodha. Hupatikana kwa kusoma, siku baada ya siku.

Tena kuna adui aitwaye kusahau. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mtaalamu wa Kijerumani, alionyesha ya kuwa sehemu kubwa ya yale tunayokariri hutoweka upesi katika saa na siku za kwanza, kisha kupotea huko hupungua kasi. Kwa hiyo neno lirudiwe kesho yake, tena baada ya siku chache, tena baada ya juma, tena baada ya mwezi. Na katika kulirudia, mwanafunzi aufunike ukurasa na ajaribu kulikumbuka mwenyewe, kisha alitungie sentensi ya mambo yake: shamba lake, wodi yake, darasa lake. Kulitazama tu ni kama kumwona mtu njiani usimsalimu.

Kazi hii ndiyo waliyoifanya wageni waliojifunza lugha yetu. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Hakuwa na orodha ya kununua. Aliyakusanya maneno vinywani mwa watu. Basi, walimu wenzetu, mwanafunzi akija na daftari lake la safu mbili, tusimkemee. Tumwongezee safu tatu, za jamaa, za wenzi na za makazi, na kila juma tumwombe atusomee sentensi zake. Haba na haba hujaza kibaba.