Logi za Linux Mbele ya Macho

Kompyuta inayoendeshwa na Linux huandika taarifa muda wote: flashi inapochomekwa, mtandao unapokatika, nywila inapokosewa, diski inapoanza kugoma kusomwa. Taarifa hizo, yaani logi, kwa kawaida hukaa bila kuguswa mpaka kitu kiharibike. Hata hivyo zinaweza kupangwa zionekane kwenye skrini huku mtumiaji akiendelea na kazi zake.

Utaratibu wa kuandika logi ulienea kupitia syslog, ambayo Eric Allman aliitengeneza miaka ya 1980 alipokuwa akishughulikia Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Leo, katika matoleo mengi ya Linux, kazi ya kukusanya taarifa hufanywa na systemd-journald, na taarifa zenyewe husomwa kwa amri ya journalctl. Baadhi ya matoleo huendesha pia rsyslog, ambayo huandika nakala kwenye /var/log/syslog au /var/log/messages. Debian 12, iliyotolewa mwaka 2023, haisakinishi tena rsyslog yenyewe. Maelekezo ya zamani yanayotegemea faili la /var/log/syslog hayafanyi kazi hapo mpaka programu hiyo iongezwe.

Kila taarifa hubeba namba ya uzito kuanzia 0 hadi 7. Sifuri, emerg, humaanisha mfumo hautumiki tena. Hufuata alert, crit, err kwa makosa, warning kwa maonyo, notice, info, na mwisho debug, ambayo huwafaa zaidi watengenezaji programu. Kadiri namba inavyopungua ndivyo jambo linavyokuwa zito. Uchaguzi wa kiwango ndio unaoamua kama logi ya skrini itakuwa na maana. Ikiruhusiwa info, mistari hupita mfululizo na jicho huzoea kuipuuza. Ikiishia kwenye warning, kila mstari mpya unastahili kutazamwa.

Hatua ya kwanza ni ruhusa. Mtumiaji wa kawaida huona taarifa zake tu, si za mfumo mzima. Aongezwe kwenye kikundi cha systemd-journal, kisha atoke na kuingia upya:

sudo usermod -aG systemd-journal jina

Pale penye neno jina huwekwa jina analotumia kuingia kwenye kompyuta. Baada ya hapo, amri ifuatayo huonyesha ndani ya terminali maonyo na makosa yanapotokea:

journalctl -f -p warning

Kwa anayetaka taarifa zikae juu ya picha ya skrini bila dirisha la terminali, programu iliyozoeleka ni Conky. Mipangilio yake huwekwa kwenye faili la ~/.config/conky/conky.conf. Katika sehemu ya conky.config huandikwa own_window = true na own_window_type = 'desktop'. Katika sehemu ya conky.text huwekwa mstari huu:

${execi 10 journalctl -q -b -p warning -n 8 --no-pager | fold -w 100}

Maana yake ni kwamba kila baada ya sekunde 10 zichukuliwe taarifa 8 za mwisho tangu kompyuta iwashwe, zenye uzito wa onyo au zaidi, na mistari mirefu ikunjwe kwenye herufi ya 100. Maandishi yakikatika kabla ya mwisho, thamani ya text_buffer_size, ambayo kwa kawaida ni baiti 256, iongezwe hadi 4096. Muda wa sekunde 10 usipunguzwe ovyo, kwa kuwa kila mzunguko huendesha amri upya na kula nguvu ya kompyuta.

Mpangilio hujaribiwa kwa kutuma onyo la makusudi:

logger -p user.warning "Hili ni jaribio"

Maneno hayo yakitokea kwenye skrini, kazi imekamilika. Yasipotokea huku journalctl ikiyaonyesha kwenye terminali, kasoro iko kwenye faili la Conky.

Ikumbukwe kwamba logi hutaja majina ya watumiaji, anwani za mtandao na huduma zinazoendeshwa. Kwenye ofisi yenye wapitaji au kompyuta iliyounganishwa na projekta, ni busara Conky ifungwe.

Onyesho la skrini pia halichukui nafasi ya uchunguzi kamili. Kompyuta ikizimika ghafla, mistari iliyokuwa ikionekana hutoweka nayo. Makosa ya kipindi kilichotangulia hutafutwa kwa amri ya journalctl -b -1 -p err, mradi logi ziwe zinahifadhiwa kwenye /var/log/journal. Zikiwa kwenye /run/log/journal pekee, hufutika kila kompyuta inapozimwa.