Elimu ya Uvuvi na Majina ya Samaki

Mwanafunzi aingiaye katika elimu ya uvuvi na wanyama wa pori hudhani kuwa atashughulika na viumbe tu. Darasani hufunzwa biolojia, takwimu na kemia ya maji. Kazini atadaiwa pia lugha.

Tazama ziwa Tanganyika, ambalo Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zinagawana. Samaki wawili wadogo wavuliwao usiku kwa mwanga wa taa, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ni wa jinsi mbili mbalimbali: wa kwanza hupenda maji ya katikati, wa pili hukaribia ufuko. Kigoma wote huitwa dagaa. Uvira na Bujumbura, ndagala. Lates stappersii, ambaye huwala, ni mgebuka Kigoma na mukeke Bujumbura. Basi karani wa mwaloni akiandika «ndagala» bila kuchambua fungu, upungufu wa jinsi moja waweza kufichwa na wingi wa nyingine, na sheria ya nyavu ikatungwa juu ya hesabu ya uongo. (Wavuvi wazee huwatambua kwa jicho, ni nadra kuulizwa.)

Kazi si nyingi wala hazitajirishi: utafiti, kama katika kituo cha hidrobiolojia cha Uvira, ukaguzi wa uvuvi, ufugaji wa samaki, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa mwaka 2003. Wapendao wanyama huelekea mbugani. Chuo cha Mweka, Tanzania, kilichofunguliwa mwaka 1963, kimefunza wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika. Kule Virunga, walinzi wengi wameuawa kazini.