Saketi Wakilishi katika Kufasiri Vipimo vya Impidansi ya Kielektrokemia

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi saketi wakilishi zinavyotumika kufasiri vipimo vya impidansi, na mahali ambapo matumizi hayo huweza kumpotosha mtafiti. Impidansi ni uwiano wa volteji na mkondo geu, ikizingatiwa pia tofauti ya awamu baina ya viwili hivyo. Istilahi hiyo ilibuniwa na Oliver Heaviside mwaka 1886. Sisi tumeitohoa tu, kwani neno “ukinzani” tayari limebeba maana finyu zaidi. Aidha, tumependelea “saketi wakilishi” badala ya “saketi sawa” kwa sababu itakayodhihirika hapa chini.

Elektrodi iliyo ndani ya elektroliti huwekewa volteji geu ndogo, aghalabu ya milivolti 10 hivi, ili uhusiano wa volteji na mkondo ubaki wa mstari mnyoofu. Mwaka 1947 J. E. B. Randles alipendekeza saketi ambayo hadi leo ni msingi wa kazi hii: ukinzani wa mmumunyo, ukifuatiwa na kapasita ya tabaka maradufu iliyo sambamba na ukinzani wa uhamishaji chaji. Kijenzi cha Warburg, kinachowakilisha mtawanyiko wa ayoni, tutakiacha kando.

Tuchukue mfano. Mmumunyo una ukinzani wa omu 20, uhamishaji chaji omu 500, na kapasita ni ya mikrofaradi 20. Sehemu halisi ya impidansi ikichorwa dhidi ya sehemu yake ya kufikirika, hupatikana nusu duara inayoanzia omu 20 na kuishia omu 520, kilele chake kikiwa kwenye hezi 16 hivi. Mchoro huo husomeka kwa urahisi, na hapo ndipo penye mtego. Hebu tutazame saketi nyingine: ukinzani wa omu 520, sambamba na tawi lenye ukinzani wa omu 20.8 na kapasita ya mikrofaradi 18.5 kwa mfuatano. Tukiacha ukadiriaji wa desimali, saketi hii hutoa nusu duara ile ile kwa marudio yote. Hakuna programu ya kompyuta iwezayo kuzitofautisha kwa mchoro huo pekee, hata vipimo viwe safi namna gani. Ndiyo maana neno “sawa” halifai: saketi inalingana na vipimo, wala hailazimiki kulingana na elektrodi.

Uamuzi hutoka maabara. Mtafiti aongeze chumvi isiyoshiriki mmenyuko hadi ukinzani wa mmumunyo ushuke kufikia omu 10. Katika saketi ya kwanza thamani moja tu ndiyo itakayobadilika, ingawa kapasita nayo huweza kuguswa kidogo. Katika saketi ya pili zote tatu zitahama kwa pamoja, kuwa omu 510, omu 10.2 na mikrofaradi 19.2, na ni vigumu kutaja sababu ya kikemia ya mwendo huo.