Fahamu: Kwa nini dawa ya kuogeshea ng'ombe inaweza kumuua farasi au punda
Kupe wakimwandama farasi au punda, wafugaji wengi hukimbilia dawa ya ng'ombe iliyobaki. Tafadhali soma lebo kwanza. Ukiona kiambato kiitwacho amitrazi, usiitumie dawa hiyo kabisa. Ng'ombe huogeshwa kwayo bila shida, lakini kwa farasi na punda hudumaza mwendo wa utumbo mpana: kinyesi hukwama, tumbo humsokota, na mnyama anaweza kufa.

Zipo dawa za jamii ya pareto, kama permethrini, zilizotengenezwa kwa ajili ya farasi. Usoni zipakwe kwa kitambaa, zisipulizwe. Paka wakae mbali, kwani kwao permethrini ni sumu kali.

Ili kupunguza wadudu wengine wasumbufu, samadi nayo izolewe. Nzi wang'atao huzaliana humo.

Mnyama akigoma kula na akawa anagaagaa baada ya kuogeshwa, mwite daktari wa mifugo mara moja.