Kirusi cha kilobaiti 19

Jenomu nzima ya kirusi cha Ebola ina herufi 19,000 hivi. Ukiiandika kwenye faili inachukua kilobaiti 19 tu, ndogo kuliko picha ya harusi uliyotumiwa jana kwa WhatsApp. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mwanafunzi wa Mususa, hapa Butembo, akisikia utafiti wa pamoja na chuo cha ng'ambo huuliza kwanza habari za viza, kisha anauliza mega za intaneti zitatoka wapi.

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa huku kwetu mashariki mwa Kongo tarehe 1 Agosti 2018 uliua watu 2,287 kabla ya kwisha Juni 2020. INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, ilisoma jenomu za virusi, sehemu ya kazi hiyo ikifanyika Katwa, hapa hapa Butembo. Jenomu mpya 744 zikapangwa kuwa mti wa ukoo kwa programu ya Nextstrain, ambayo waundaji wake wako Seattle na Basel. Zote 744 hazifiki megabaiti 15. Somo la video la saa moja linakula zaidi ya hapo mara nyingi, na nusu yake ni nyuso zilizoganda.

Kwa hiyo anayeongeza sehemu ya mtandaoni kwenye programu ya utafiti wa pamoja asihamishe darasa, ahamishe data. Kikao kimoja kwa wiki kinatosha: saa 11 jioni kwetu ni saa 2 asubuhi Seattle wakati wa kiangazi. Siku nyingine kila upande ufungue faili lile lile kwa wakati wake, umeme ukiwepo.

Lakini mti wa ukoo haujui nyumba za watu. Mwishoni mwa 2019 mtu aliyepona Ebola miezi sita nyuma aliugua tena, akafa. Jenomu zilionyesha kwamba virusi vya ugonjwa wa pili vilizaliwa na vile vya kwanza mwilini mwake, na kwamba kutoka kwake ulianza mnyororo wa wagonjwa 91. Kompyuta iliona matawi. Nani alimuuguza nani, hilo lilitoka kwa watu waliopita mlango kwa mlango, na huku kwetu mlangoni unapiga hodi kwa Kinande.

Ndiyo maana simpendi mshirika anayemtaka mwanafunzi wa Butembo abebe sampuli tu. Kabla ya kazi kuanza iandikwe nani atafungua data, nani atachambua, na jina la nani litatokea kwenye makala.

Wa kujaribu hahitaji hata kungoja mwaliko. Jenomu za mlipuko ule ziliwekwa hadharani. Mmoja azishushe penye mtandao mzuri, azitie kwenye flashi, wenzake wanakili bila kutumia mega hata moja.