Je, Wajua? Siri ya 18/10 chini ya sufuria
Namba 18/10 iliyogongwa kwenye kitako cha sufuria za chuma kisichoshika kutu si kipimo cha ukubwa. Inaeleza mchanganyiko wa madini: takriban asilimia 18 ni kromi na 10 ni nikeli. Kromi ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana, ambao ukikwaruzwa hujijenga upya wenyewe. Ndiyo maana sufuria hizo huvumilia ndimu, nyanya na ukwaju. Alumini nayo ina utando wake, lakini chakula kichachu kikilala humo huula.

Kasoro ya chuma hiki ni uvivu wa kupitisha joto. Alumini hukishinda zaidi ya mara 10. Kwa hiyo sufuria nyembamba ya aina hii, juu ya jiko la gesi, huunguza wali pale tu mwali unapogusa, huku pembeni ukibaki na kiini. Dukani, igeuze. Tafuta kitako kinene chenye bamba la alumini lililofungiwa ndani. Ikiwa nyepesi mno iache, hata ing'ae vipi.

Ukoko ukigandamana, usikimbilie waya wa kusugulia. Mimina maji, tia kijiko cha magadi, chemsha kidogo, acha ipoe, kisha kwangua kwa mwiko. Sufuria ya alumini usiifanyie hivyo, kwani magadi huitia weusi.

Vikaango visivyogandisha ni rahisi kuosha, ila havidumu. Usivipashe moto vikiwa vitupu: utando wake huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi.